Ruta ya antena nane itanifaa? Sauti inakatika nikiwa kazini

mkalimani_wa_video

Wakuu, salaam. Nataka kununua ruta mpya na sitaki kukosea, kwa hiyo naeleza kila kitu mapema. Mnivumilie kwa urefu.

Mimi ni mkalimani, nafanya kazi nyumbani kwa njia ya video. Daktari na mgonjwa wako chumba kimoja, mimi niko kwenye kioo kati yao. Mgonjwa akisema nageuza, daktari akijibu nageuza. Wiki tatu hizi sauti imekuwa ikikatika, hasa jioni. Juzi daktari alitaja kidonge kimoja kila baada ya saa nane, mimi nikasikia "kimoja kila" halafu kimya, halafu "nane". Nikamwomba arudie, mara tatu. Mgonjwa alikuwa mama mtu mzima, ananitazama, anasubiri, na mimi siwezi kumpa neno ambalo sikulisikia. Zamu ilipoisha nilikaa pale pale kitini muda mrefu. Kazi yangu haina "takribani".

Hali ya nyumba ni hii. Laini ni ya faiba, megabiti 200 kushusha na 20 kupandisha. Ruta ina miaka saba, iko sebuleni ndani ya kabati la televisheni kwa sababu faiba inaingilia hapo. Chumba changu cha kazi kiko mwisho wa nyumba upande mwingine, na kuta zote ni za zege. Nikipima kwa simu sebuleni napata 90 na kitu. Chumbani kwangu napata 11, saa nyingine 6. Tuko watu watano na vifaa 14, nimevihesabu.

Nimeona ruta yenye antena nane, juu ya sanduku imeandikwa AX11000. Mdogo wangu anasema nichukue hiyo nipumzike. Je, hiyo 11000 itafika chumbani kwangu?

ghorofa_ya_juu

Dada, usijitese. Chukua ripita ndogo, kile kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena, ichomeke kwenye soketi ya koridoni, basi. Mimi nimefanya hivyo mwaka jana na filamu zinacheza chumbani bila kusimama.

fundi_waya

Dada mkalimani, pole na kazi, na asante kwa kueleza vizuri namna hii. Nimefunga mitandao ya majumbani miaka 16 na mara chache mtu hunipa namba kabla sijaziomba. Ombi langu la kwanza: usinunue chochote wiki hii. Katika maelezo yako naona uwezekano wa matatizo matatu tofauti, na hiyo ruta ya antena nane huenda ikatibu moja na nusu.

Nianze na 11000, maana namba hiyo inawaumiza watu wengi. Ni jumla tu. Ruta ya aina hiyo ina redio tatu: moja ya gigahezi 2.4 inayohesabiwa megabiti 1148, na mbili za gigahezi 5, kila moja 4804. Wanajumlisha, wanapata 10756, wanapandisha hadi 11000. Simu yako inaongea na redio moja kwa wakati, na simu nyingi zina antena mbili tu ndani, kwa hiyo hata hiyo 4804 haifikiwi. Ndivyo ilivyo hata kwa ruta ndogo: AX3000 ni 574 kujumlisha 2402, na hiyo 2402 inapatikana tu kifaa kikitumia upana wa megahezi 160, kwenye upana wa 80 inashuka hadi 1201. Halafu kasi unayoipata mkononi ni kama nusu ya hiyo, au zaidi kidogo ukiwa karibu. Na juu ya yote laini yako ni 200. Ruta haiongezi maji yasiyotoka bombani.

Kuhusu antena: ruta yenye nguvu inaweza kupaza sauti hadi chumbani kwako, lakini simu au kompyuta lazima ijibu, na sauti ya simu ni ileile ndogo uliyokuwa nayo jana. Mazungumzo yanahitaji pande mbili zisikilizane. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Sasa naomba unipimie vitu vinne, kwa utulivu.

Cha kwanza, chukua kompyuta, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, zima waifai ya kompyuta, upime kasi. Ukipata 94 au karibu na hapo, niambie hiyohiyo usiikadirie. Kisha badilisha waya, upime tena.

Cha pili, weka programu ya kupima mawimbi kwenye simu au kompyuta, nenda kwenye kiti chako cha kazi, kaa kama unavyokaa kazini, usome namba ya dBm, yaani nguvu ya mawimbi. Ina alama ya hasi mbele. Hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 bado inafaa kwa simu ya video, ukifika hasi 80 unashikilia uzi.

Cha tatu ndicho ninachokitaka zaidi. Ukiwa bado kwenye waya, anzisha pingi, yaani kipimo cha muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, kwenye anwani 1.1.1.1 nyumba ikiwa imetulia. Andika milisekunde. Kisha mwombe mtu apandishe video kubwa kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na wewe endelea kutazama pingi.

Cha nne, chora ramani ya nyumba kwenye karatasi. Piga mstari mnyoofu kutoka kwenye ruta hadi kwenye kiti chako na uandike kila kitu unachokipita: kuta, friji, kioo cha kujitazama, tangi la maji, kabati la chuma.

Ndugu ghorofa_ya_juu, ripita yako inakufaa kweli, sikatai. Ila filamu na mazungumzo ni vitu viwili. Filamu huchukua dakika nzima ya mbele na kuiweka akiba, kwa hiyo mtandao ukisita sekunde tatu huoni kitu. Maneno ya mgonjwa hayana akiba, maana bado hajayasema. Ripita yenye redio moja inasikiliza kisha inarudia kwenye masafa yaleyale, hivyo kila pakiti, yaani kipande cha data, inasafiri hewani mara mbili na kasi inakatika katikati. Na ikiwekwa mahali ambapo mawimbi yameshachoka, inarudia uchovu huo huo.

mkalimani_wa_video

Kaka fundi, nimefanya yote manne jana usiku. Naandika kama nilivyoandika kwenye daftari.

Waya wa zamani: 94 kushusha, 19 kupandisha. Waya mwingine: 94 tena. Waya wa tatu niliouazima: 94. Sijui ulijuaje.

Mawimbi kwenye kiti changu: hasi 79. Nikifunga mlango, hasi 82. Sebuleni mbele ya kabati: hasi 48. Nikifungua mlango wa kabati: hasi 41.

Pingi nyumba imetulia: 17, 18, 17, 19. Mwanangu alipoanza kupandisha video ya sherehe ya shuleni: 210, 390, 640, moja ikapotea kabisa, 655. Nilikuwa kwenye waya, karibu na ruta, hakuna ukuta. Alipositisha ikarudi 18.

Mstari kwenye karatasi unapita mlango wa kabati, ukuta, friji, ukuta, kioo kikubwa cha bafuni, ukuta wa tatu. Ukuta wa tatu mstari unaukata kwa mshazari.

Kaka, nimejifunza pia kwamba simu zetu zote tano zimewekwa zipandishe picha zenyewe zikichajiwa. Tunazichaji jioni. Zamu yangu ni jioni.

fundi_waya

Daftari lako hili ningelibandika ukutani kwenye karakana yangu.

Tuyasome pamoja. 94 ni kama saini ya tundu la megabiti 100. Kila pakiti inabeba anwani na vichwa vyake, kwa hiyo kati ya 100 zinazopita kwenye waya, 94 hivi ndizo zinabaki kwako. Waya mbovu nao unaweza kuleta namba hiyohiyo, kwa sababu gigabiti inahitaji nyuzi zote nane za ndani na megabiti 100 inatosheka na nne. Uzi mmoja ukikatika vifaa vinakubaliana kushuka kimyakimya. Ndiyo maana nilikwambia ubadilishe waya. Waya tatu zikisema 94, na simu sebuleni nayo 90 na kitu, ruta yenyewe ina matundu ya 100. Umekuwa ukilipia 200 na kupata chini ya nusu, na hakuna antena ingekwambia.

Hasi 79 ni tatizo la pili, na karatasi yako imelieleza lote. Friji ni sanduku la chuma. Kioo kina utando wa chuma nyuma. Zege lina nondo ndani, na ukilikata kwa mshazari mawimbi yanatembea ndani ya ukuta umbali mrefu kuliko unene wake. Gigahezi 5 ndiyo inayochoka haraka zaidi kwenye kuta, 2.4 inapenya vizuri kidogo, lakini huko kuna msongamano, na oveni ya maikrowevu inapiga kelele kwenye masafa hayohayo, karibu 2.45. Kila desibeli 3 unazopoteza ni nusu ya nguvu. Mlango wa kabati peke yake unakula 7. Kwa hiyo hata leo, kabla ya kununua chochote, itoe ruta kabatini, iweke juu, mahali pa wazi.

Tatizo la tatu ndilo linalokukatia sauti, na lisingeondoka hata ungeweka ruta mpya mezani kwako. Tazama: ulikuwa kwenye waya, hakuna ukuta, na pingi ikaruka kutoka 18 hadi 655. Hiyo ni foleni. Laini yako ya kupandisha ni 20. Video ya sherehe inaijaza yote, na kifaa kilicho kwenye mlango wa laini, badala ya kukataa pakiti zinazozidi, kinazipanga kwenye foleni ndefu. Sauti yako inafika, inapanga mstari nyuma ya picha za familia, na inatoka zaidi ya nusu sekunde baadaye. Programu ya video haisubiri muda huo, inaitupa. Waingereza wanaita ugonjwa huu bufferbloat. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia ya kuusimamia inayoitwa CoDel, na leo iko ndani ya ruta nyingi kwa majina ya fq_codel au CAKE. Hizo mbili zinafanya jambo moja la haki: kila mazungumzo yanapata foleni yake, na aliyejaza mizigo hamzuii aliyebeba barua moja.

Kwa hiyo ruta unayoitafuta ni hii. Matundu yote ya gigabiti, pamoja na lile linalopokea laini. Soma maelezo, usiridhike na picha. Wi-Fi 6 ya bendi mbili (2.4 na 5), AX1800 au AX3000, zaidi ya hapo kwa laini ya 200 unanunua hewa. Wi-Fi 7 ilianza kuthibitishwa Januari 2024 na ni nzuri, ila vifaa vyako lazima viwe vyake pia. Iwe na usimamizi wa foleni unaotaja CAKE au fq_codel kwa jina. Wengine wanaandika "kipaumbele cha michezo" na hiyo si kitu kilekile. Kama huipati, angalia orodha ya OpenWrt, programu huria ya ruta, uone kama modeli hiyo inaikubali. Na mtengenezaji awe anatoa masasisho ya usalama hadi sasa.

Ukiifunga, weka kikomo cha kupandisha 18 na cha kushusha 180. Unajinyima kidogo makusudi ili foleni ikae kwenye ruta yako, mahali ambapo CAKE inaiona.

Halafu chumba chako. Pitisha waya. Najua ni kazi, lakini waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e au Cat 6 unabeba gigabiti hadi mita 100 na nyumba yako haifiki hapo. Kompyuta ya kazi ichomeke kwenye waya huo, isiguse waifai kabisa wakati wa zamu.

ghorofa_ya_juu

Nimesoma na nimepima ya kwangu. Bila ripita ni 70, nikiwa kwenye ripita 31. Kwa filamu inatosha, ila dada, fuata waya. Swali kwa fundi: ruta ya zamani aitupe?

fundi_waya

Asitupe haraka. Inaweza kuwa akses pointi, yaani kituo cha kurusha waifai tu, upande wa nyuma kwa simu za wengine. Anazima ugawaji wa anwani kwenye ruta ya zamani, anaipa anwani yake ambayo haitumiki na kifaa kingine, mfano 192.168.1.2 kama ile mpya ni 192.168.1.1, na waya unaotoka ruta mpya unaingia kwenye mojawapo ya matundu ya kawaida, usiingie kwenye lile la laini. Akisahau hilo la ugawaji wa anwani, nyumba itakuwa na makarani wawili wanaogawa namba, na vifaa vitapotea bila sababu ya kuonekana. Jina la waifai na nywila viwe sawa na vya ruta mpya. Kwenye 2.4 ruta moja itumie chaneli 1 na nyingine 6 au 11, upana wa megahezi 20, kwa kuwa hizo tatu ndizo zisizoingiliana.

funguo_na_kufuli

Samahani kuingilia, mimi nashughulika na usalama. Dada anasikiliza habari za wagonjwa, kwa hiyo sehemu hii isipitwe.

Nywila za ruta ni mbili: ya kuingia kwenye waifai, na ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Watu hubadilisha ya kwanza na kuiacha ya pili kama ilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Badilisha zote mbili.

Kwenye aina ya ulinzi wa waifai chagua WPA3, au WPA2 pamoja na WPA3 kama una kifaa cha zamani. Ukikuta WEP, ule ulinzi wa zamani, mahali popote, ondoa. Ilivunjwa tangu 2001. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN. Ile PIN yake ina tarakimu nane, lakini ruta huikagua nusu kwa nusu na tarakimu ya mwisho inakokotolewa kutoka kwa zilizotangulia, hivyo mvamizi ana majaribio 11,000 tu ya kufanya badala ya milioni mia. Hilo limejulikana tangu 2011.

Na ruta ya zamani ya miaka saba: kama masasisho yameisha, mimi nisingeiweka kwenye nyumba ya mtu mwenye kazi hii. Hapa natofautiana na fundi.

fundi_waya

Unasema kweli, nimekubali. Dada, angalia tarehe ya sasisho la mwisho kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Kama ni ya miaka mitatu iliyopita, ipumzishe.

mkalimani_wa_video

Narudi baada ya siku kumi na moja.

Sasisho la mwisho la ruta ya zamani lilikuwa la miaka minne nyuma. Nimeifuta mipangilio na kuiweka pembeni. Niliyonunua ni AX3000, matundu ya gigabiti, antena nne, inataja CAKE kwa jina. Niliisoma karatasi ya maelezo pale pale kabla ya kulipa, na mbili za kwanza nilizoonyeshwa nilizirudisha kwa sababu tundu la laini lilikuwa la 100.

Iko juu ya rafu sasa, nje ya kabati. Kwa waya napata chini kidogo ya 180 na 18, kama nilivyoiwekea. Wanangu waliniuliza kwa nini nimepunguza kasi. Nikawaonyesha daftari, ukurasa wa 655.

Simu za familia nimezihamishia kupandisha picha saa nane usiku. Fundi aliniambia kwa ujumbe kwamba CAKE ikikaa sawa haina haja. Nimeziacha hivyohivyo.

Kwenye waifai kiti changu sasa kinasoma hasi 71, bado si pazuri, lakini sikitegemei tena. Nimepitisha waya wa mita 25 kutoka sebuleni.

Jana saa moja jioni nilimwomba mwanangu apandishe video ileile ya sherehe, makusudi, nusu saa kabla ya zamu. Pingi ilikuwa 18, ikapanda 24, ya juu kabisa 31. Nikaingia kazini video ikiwa bado inapanda. Mgonjwa alikuwa mzee, anaongea polepole, sauti ya chini sana, anameza mwisho wa maneno. Nilisikia hata pale alipovuta pumzi kabla ya kuuliza swali lake. Nikalifikisha kwa daktari kama lilivyo.

Waya bado uko sakafuni, nimeubandika kwa utepe pembeni mwa koridoni. Jumamosi tunaupandisha darini. Kaka fundi, ukipita kwenye kona kali ya mbao, nisiukunje zaidi ya kiasi gani?

fundi_waya

Mkunjo usiwe mdogo kuliko mara nne ya unene wa waya. Cat 6 ya kawaida, fanya duara la sentimita mbili na nusu au tatu kutoka katikati hadi ukingoni. Usiupigilie misumari ya kubana, tumia vishikizo vilegevu. Na usiulaze sambamba na nyaya za umeme; mkikutana nazo, zivukeni kwa pembe mraba.